Kupatia Siyo Kujua

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni usiku wa Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msomaji, mwezi wa Desemba au Januari, kiasi cha saa tatu za usiku, umeme ukikatika mtaani kwenu usianze kwa kulalamika. Toka nje utazame juu. Utaona kifungu cha nyota ndogo ndogo zilizobanana kama vifaranga. Hicho ndicho Kilimia, ambacho wakulima wetu na mabaharia wa pwani walikitumia kupimia misimu tangu enzi za mababu. Nyuma yake kidogo, upande wa mashariki, utaona nyota moja kubwa yenye wekundu wa kaa linalofifia. Waarabu waliiita Al-Dabaran, yaani mfuataji, kwa sababu kila usiku hukifuata Kilimia mpaka magharibi. Wazungu walilichukua jina hilo hilo, na hadi leo katika vitabu vyao inaitwa Aldebaran.

Nyota hiyo ni jitu. Upana wake ni kiasi cha mara 44 ya upana wa Jua letu. Nuru unayoiona usiku huo iliondoka huko miaka kama 65 iliyopita. Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa falaki lilitangaza kwamba nyota hiyo inazungukwa na sayari kubwa. Mwaka 2019 wataalamu wengine wakapitia hesabu zile zile, wakaongeza vipimo vingine, wakasema: ngojeni kwanza, hatuna hakika. Shauri hilo halijafungwa.

Najua utaniuliza: sisi tunaowaza nauli ya kesho na bei ya unga, sayari ya Aldebaran inatuhusu nini? Nitajibu, lakini niruhusu kwanza nisimulie kisa changu mwenyewe, maana bila kisa hicho nisingekaa miaka yote hii nikifuatilia mambo ya nyota.

Nilianza utangazaji nikiwa kijana, wino wa stashahada yangu ya uandishi wa habari haujakauka. Msimu mmoja wa masika dereva wa lori alipiga simu katika chumba chetu cha habari. Akaniambia kwamba daraja moja katika njia anayopita kila siku lina ufa, na kwamba mvua ikiendelea halitasimama. Sikumwuliza mtu mwingine yeyote. Katika taarifa ya habari ya jioni nikasoma kwa sauti ya kujiamini kuwa daraja limepasuka na liko karibu kuanguka.

Kesho yake wahusika wakakanusha kwa ukali. Daraja ni zima, walisema, na mwandishi ni mzushi. Nikaulizwa ushahidi wangu. Nilikuwa na simu moja ya mtu mmoja, basi. Jioni ile ile nikasoma masahihisho kwa kinywa changu mwenyewe: taarifa ya jana haikuwa ya kweli, daraja halina tatizo lolote. Usiku wa tatu mvua ilinyesha hadi alfajiri, na daraja likaenda na maji. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu, lakini lori moja la mahindi lilitumbukia mtoni na dereva wake akavunjika miguu yote miwili. Hakuwa yule aliyenipigia simu. Baadaye niliambiwa kwamba dereva huyo alikuwa ameyasikia masahihisho yetu kabla hajaondoka.

Nilikwenda kwa mhariri wangu nikiwa nimefura kwa hasira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Mzee, si nilisema mimi? Nilikuwa sahihi!"

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Ulipatia, mwanangu. Hukuwa unajua. Na mimi nilipokuambia ukanushe, nami sikuwa najua. Sote wawili tulisema zaidi ya kile tulichokuwa nacho mkononi."

Maneno hayo sijayasahau. Na miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikisoma habari za watu waliotafuta sayari katika nyota za mbali, nilikuta kisa kinachofanana na changu kwa namna ya ajabu. Tofauti ni kwamba wenzetu wale walijua namna ya kusema kile tu walichokuwa nacho. Leo nataka nikusimulie kisa hicho.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1842, katika mji wa Prague, mtaalamu wa fizikia aitwaye Christian Doppler alitoa fikra ambayo kila mkazi wa mjini anaithibitisha kila siku bila kujua. Gari la wagonjwa likija upande wako likipiga king'ora, sauti yake huwa nyembamba. Likishakupita na kwenda zake, sauti huwa nene. King'ora ni kile kile. Kilichobadilika ni mwendo wake kwako. Kinapokujia, mawimbi ya sauti hubanwa. Kinapokuacha, hunyooshwa. Mwaka 1845 Mholanzi mmoja, Buys Ballot, aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na mji wa Utrecht, akawaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize. Wakasikia kweli kwamba sauti imepanda, kisha imeshuka.

Mwanga nao ni mawimbi. Mwanga wa nyota ukipasuliwa na kioo hutoa rangi kama za upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo mna mistari myembamba myeusi iliyoachwa na gesi zilizomo katika nyota. Nyota ikitujia, mistari hiyo husogea kidogo upande wa buluu. Ikituacha, husogea upande wa nyekundu. Mwaka 1868 Mwingereza William Huggins alijaribu kwa jicho lake tu kupima mwendo wa nyota ya Sirius kwa njia hii, na kazi hiyo ikafungua mlango kwa wengine.

Sasa, mwendo wa nyota una uhusiano gani na sayari? Tazama baba anayemzungusha mtoto wake kwa kumshika mikono. Mtoto anazunguka duara kubwa, lakini baba naye hasimami kama nguzo, bali anayumba kidogo huku na huku. Sayari na nyota ni hivyo hivyo. Sayari hatuioni, kwa sababu inamezwa na mng'ao wa nyota. Lakini nyota tunaiona, na tukiikuta inayumba, mara inatujia, mara inatuacha, kwa kipindi kile kile mwaka baada ya mwaka, tunaweza kusema kuna kitu kinaishika mikono.

Tatizo ni udogo wa kuyumba huko. Sayari ya Mshtarii, ambayo shuleni wengi tuliijua kwa jina la Jupita, ndiyo kubwa kuliko zote zinazozunguka Jua letu. Hiyo nayo hulifanya Jua liyumbe kwa mwendo wa mita 12.5 tu kwa sekunde, yaani kiasi cha kilometa 45 kwa saa. Ni mwendo wa daladala barabara ikiwa wazi. Dunia yetu hulisogeza Jua kwa sentimeta 9 kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa. Sasa jaribu kuupima mwendo wa daladala kutoka umbali ambao mwanga, unaokwenda kilometa 300,000 kila sekunde, unautembea kwa miaka makumi. Mistari ile myeusi husogea kwa sehemu moja tu katika sehemu zaidi ya milioni 20.

Mwaka 1952 mtaalamu Otto Struve aliandika makala fupi akisema kwamba kazi hiyo inawezekana, hasa kama kuna sayari kubwa zinazozunguka karibu sana na nyota zao. Wachache walimsikiliza. Vyombo vya siku hizo havikuwa na makali ya kutosha.

Hapo ndipo wanaingia Wakanada wawili, Gordon Walker na kijana mwenzake Bruce Campbell, na baadaye akaungana nao Stephenson Yang. Shida waliyoiona ilikuwa hii: ukitaka kupima mstari uliosogea kidogo sana, unahitaji rula isiyoyumba. Wao walipata rula ya ajabu. Waliupitisha mwanga wa nyota ndani ya chupa yenye gesi ya hidrojeni floridi, ambayo nayo huacha mistari yake mahali panapojulikana. Mistari ya nyota na mistari ya rula ikapigwa picha pamoja. Gesi hiyo ni sumu kali, na hula hata kioo. Lakini iliwapa makali ya mita kama 13 kwa sekunde, wakati wengi waliokuwa katika fani hiyo walikuwa wakipima kwa mamia ya mita. Watu wengine baadaye walitumia mvuke wa aidini, ile ile inayotiwa katika chumvi ya mezani, na haukuwa na hatari kama ile.

Kuanzia mwaka 1980, Walker na Campbell walifunga safari mara kwa mara hadi kileleni Mauna Kea, katika visiwa vya Hawaii, kwenye darubini ya ushirika wa Kanada, Ufaransa na Hawaii. Walipewa siku chache tu kila mwaka. Nyota zao zilikuwa ishirini na kitu. Kazi yenyewe ilikuwa kurudi, kupima, kuandika, na kurudi tena, mwaka baada ya mwaka.

Katika nyota hizo mojawapo iliitwa Gamma Cephei. Jina lake la kale ni Errai, na linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchungaji. Wewe msomaji wa Kiswahili unalo neno la ukoo huo huo kila siku mdomoni: raia. Kwetu nyota hiyo huinuka kidogo tu juu ya upeo wa kaskazini, na katika mwanga wa miji yetu si rahisi kuiona. Wakanada walikuta kwamba inayumba kwa kiasi cha mita 25 kwa sekunde, ikirudia mzunguko wake baada ya miaka 2.7. Mwaka 1988 walichapisha matokeo yao. Walisema kwa tahadhari kwamba huenda kuna kitu chenye uzito wa kama mara 1.7 ya Mshtarii.

Fikiria uzito wa kauli hiyo. Mwaka 1988 hapakuwa na sayari hata moja iliyothibitishwa nje ya familia ya Jua letu. Mlango ambao binadamu ameubisha tangu zamani ulikuwa mbele yao, na mkono wao ulikuwa kwenye kitasa.

Lakini nyota ile ilikuwa na siri yake. Mwanzoni ilihesabiwa kuwa nyota iliyozidi Jua kidogo tu kwa ukubwa. Ilipochunguzwa vizuri zaidi, ikaanza kuwekwa katika kundi la nyota majitu. Na majitu, ndugu msomaji, yana tabia yake.

Nyota huwa jitu inapozeeka. Hidrojeni iliyokuwa ikiungua moyoni mwake huisha, nyota huvimba, ngozi yake hupoa na kuwa nyekundu. Jua letu nalo litafikia hatua hiyo baada ya miaka kama bilioni 5. Ndiyo maana wataalamu wanayapenda majitu: wanataka kujua mwisho wa familia yetu utakuwaje. Kuna sababu nyingine pia. Nyota nzito kuliko Jua, wakati wa ujana wake, huwa na joto kali, huzunguka kwa kasi, na mistari yake huwa michache na mipana, kiasi kwamba haiwezi kupimwa kwa makini. Ikishakuwa jitu hupoa na kupunguza kasi, mistari yake ikawa mingi na myembamba. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za sayari za nyota nzito inambidi awahoji wazee.

Lakini wazee wana kikohozi. Uso wa nyota jitu huchemka kama uji kwenye sufuria kubwa, mapovu yakipanda na kushuka. Nyota nzima hupumua, hujaa na kunywea. Tena huwa na mabaka, nayo huzunguka taratibu mno, pengine kwa mwaka mmoja au miaka kadhaa kwa mzunguko mmoja. Baka likija upande wetu na kuondoka, mistari myeusi husogea kana kwamba nyota imeyumba. Anayepima kutoka mbali ataona kitu kinachojirudia kila baada ya siku mia kadhaa, naye atapiga kelele: sayari! Kumbe ni mzee anakohoa.

Walker na wenzake walilijua jambo hilo. Wakaendelea kupima. Wakakagua mstari mmoja wa madini ya kalisi katika mwanga wa Gamma Cephei, mstari ambao huonyesha kama uso wa nyota umechafuka. Wakakuta mstari huo nao unapanda na kushuka kwa kipindi cha kama miaka miwili na nusu, sawa na kule kuyumba. Hii ilikuwa habari mbaya. Mwaka 1992 wakachapisha makala nyingine. Walisema kuwa, kwa ushahidi uliopo, kuyumba kule huenda kunatokana na mzunguko wa nyota yenyewe, si sayari.

Hakuna aliyewalazimisha. Hapakuwa na mkubwa aliyewapigia simu, wala mshindani aliyewaumbua. Walikanusha kwa mkono wao wenyewe kitu ambacho kingewapa jina katika vitabu vyote vya shule.

Na malipo yake? Campbell hakupata kazi ya kudumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliiacha fani ya falaki. Mwezi Agosti 1995 Walker na wenzake walichapisha hesabu ya mwisho ya miaka yao 12: katika nyota 21, hawakuweza kutangaza sayari hata moja. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1995, Waswisi Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza katika mji wa Florence kwamba wameipata sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi kwa siku 4 na kidogo tu. Ilikuwa kubwa na karibu mno na nyota yake, kama Struve alivyofikiri mwaka 1952. Mwaka 2019 Waswisi hao walipewa Tuzo ya Nobel, na walistahili.

Kisa kingeishia hapo ningekuambia kwamba dunia haina haki, nikakuaga. Lakini hakikuishia hapo.

Katika jimbo la Texas, kwenye kituo cha McDonald, Artie Hatzes na William Cochran walikuwa wakiyapima majitu kwa subira ile ile. Mwaka 1993 walitoa taarifa juu ya majitu matatu: Aldebaran yetu ya nyuma ya Kilimia, Arcturus, na Pollux. Yote yalionekana kuyumba kwa vipindi vya siku mia kadhaa. Hawakutangaza sayari. Walisema tu: hivi ndivyo tulivyopima, na sababu zinaweza kuwa hizi au zile. Waliendelea pia kuipima Gamma Cephei.

Mwaka 2002 sayari ya kwanza inayozunguka nyota jitu ikatangazwa na kundi la Sabine Frink, lililopima katika kituo cha Lick, California. Nyota hiyo inaitwa Iota Draconis. Kilichowapa ujasiri ni umbo la kuyumba kwenyewe. Njia ya sayari hiyo imerefuka mno kama yai, kwa hiyo nyota huvutwa kwa ghafla sayari inapokaribia, kisha hutulia kwa muda mrefu. Kikohozi hakipandi na kushuka namna hiyo.

Mwaka uliofuata, 2003, zamu ya Gamma Cephei ikafika. Hatzes na wenzake walichukua vipimo vyao wakaviunganisha na vile vya Wakanada. Kwa pamoja vilianzia 1981 hadi 2002. Miaka zaidi ya 20! Na katika muda huo wote nyota ilikuwa imeyumba kwa kipindi kile kile cha siku 906, kwa kiasi kile kile cha mita 27.5 kwa sekunde, bila kukosa zamu hata moja. Na ule mstari wa kalisi uliowafanya wakanushe? Walipoupitia upya, wakakuta ulipanda na kushuka katika nusu ya pili tu ya vipimo, kuanzia katikati ya 1986 hadi 1992. Katika miaka ya mwanzo ulikuwa umetulia, hali nyota inayumba vile vile. Kwa hiyo kikohozi kilikuwepo, na sayari ilikuwepo. Vilikwenda pamoja kwa muda, kama watu wawili wasiojuana wanaofuatana njia moja.

Sayari ikathibitishwa, na katika orodha ya waandishi wa makala ile ya 2003 mna majina ya Walker, Campbell na Yang. Mwaka 2015 sayari ikapewa jina la Tadmor, jina la mji wa kale wa Syria ambao Wazungu huuita Palmyra.

Hapa msomaji mwenye haraka atasema: basi walikosea kukanusha! Walipatia mwaka 1988, wangeshikilia msimamo wao. Ndivyo nilivyosema mimi siku ile mbele ya mhariri wangu.

Kabla hujakubali, sikiliza kisa cha nyota nyingine, Gamma Draconis, nayo ni jitu. Kuanzia 2003 hadi 2011 iliyumba kwa siku 702 bila kasoro. Hesabu zilionyesha sayari yenye uzito wa zaidi ya mara 10 ya Mshtarii. Miaka minane ya ushahidi! Wengi wangetangaza. Hatzes na wenzake wakaendelea kupima. Kati ya 2011 na 2013 kuyumba kukatoweka. Mwaka 2014 kukarudi, lakini mapigo yakiwa yamehama mahali pake. Sayari haichukui likizo, ndugu msomaji. Mwaka 2018 walichapisha ukweli huo: haikuwa sayari. Na ndiyo sababu Aldebaran, ambayo kundi hilo hilo la Hatzes liliitangazia sayari mwaka 2015, ikaanza kutiliwa shaka mwaka 2019, maana mapigo yake nayo yalionekana kutotulia.

Pollux kwa upande wake ilipimwa kwa zaidi ya miaka 25. Mapigo yake ya siku kama 590 hayakukosa zamu, na mwaka 2006 sayari yake ikathibitishwa. Leo sayari zinazojulikana zinazozunguka nyota majitu zimepita 100.

Basi tazama: mwaka 1988 Gamma Cephei na baadaye Gamma Draconis zilionekana sawa kabisa. Moja ilikuwa na sayari, nyingine haikuwa nayo. Aliyezitangaza zote mbili angepatia moja na kukosa moja, kama mchezaji wa bahati nasibu. Kitu kilichozitenganisha ni muda, pamoja na watu waliokubali kukaa humo ndani ya kutojua bila kujidai kwamba wanajua. Wakanada hawakusema mwaka 1992 kwamba sayari haiwezi kuwepo. Walisema ushahidi walio nao unaelekea upande mwingine. Na wakavitunza vipimo vyao. Kama wangevitupa kwa hasira au aibu, mwaka 2003 pasingekuwa na miaka 20 ya kuunganisha.

Nikirudi kwenye daraja langu, naona kwamba siku ile tulikosea mara mbili. Mara ya kwanza niliposema daraja linaanguka. Mara ya pili tuliposema daraja halina tatizo lolote. Maneno ya kweli tulikuwa nayo, tukayaacha mezani kwa kuwa yalionekana dhaifu: "Dereva mmoja anasema ameona ufa. Wahusika wanakana. Sisi hatujafika kuona. Mwenye njia nyingine na aitumie mpaka tutakapowaletea habari zaidi." Taarifa hiyo isingemfurahisha mtu. Lakini naamini yule dereva wa mahindi angeisikia akapunguza mwendo.

Siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji. Habari hutangazwa asubuhi, hukanushwa mchana, na jioni kila upande huapa kwamba ulikuwa sahihi. Ukisikia hivyo, msomaji wangu, usiulize tu nani amepatia. Uliza alijuaje, amepima mara ngapi, na kama daftari lake bado analo.

Na umeme ukikatika, utazame Kilimia na lile jitu jekundu linalokifuata. Nikiulizwa leo kama lina sayari, jibu langu ni lile ambalo mhariri wangu angelipitisha bila kulikata: bado wanapima.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.